Hofu ya Mshonaji na Sindano ya Tabibu

Miongoni mwa maneno tunayowapa wagonjwa, hakuna linalotoka mdomoni upesi kama "usiogope", na huenda hakuna linalofikiriwa kidogo kama hilo. Husemwa na jirani aliyekuja kujulia hali, husemwa na muuguzi anayepita na sinia la dawa, husemwa na mtoto kwa mzazi wake. Katika makala haya twataka kuuliza neno hilo lina haki gani. Je, mtu anayengoja kupasuliwa jicho akiogopa, amekosa nini? Na ikiwa hajakosa, ana wajibu gani juu ya hofu yake mwenyewe?

Mfano wetu hatukuutoa vitabuni. Ni bibi mmoja wa mtaa wa Jabe, hapa Bujumbura, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, ambaye jina lake twalihifadhi. Jabe ni jirani wa Bwiza na wa Buyenzi, mji ule wa Waswahili wenye barabara zilizopewa nambari badala ya majina, na Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na vibarazani. Bibi huyu hashoni kwa kuuza. Hushona kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure: foronya, vitambaa vya meza, na zaidi ya yote kofia za viua, ambazo huwapa wajukuu na wakwe siku za Idi. Mama yake mzazi alijifunza sindano katika Foyer Social ya Usumbura, nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya utawala wa Kibelgiji. Huko wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, kwa nia ya kuwageuza wawe wake wa nyumbani wa namna ya Ulaya. Nia ile ilikwenda na wenyewe, sindano ilibaki. Kofia za viua, lakini, bibi alifundishwa na mama mkwe wake, mwenye asili ya Ujiji.

Msomaji asiyeijua kazi ya kofia hana budi aelezwe kidogo, maana bila hivyo hataielewa hofu tunayoizungumzia. Kofia ya viua ni vitambaa viwili vyeupe vilivyopigwa bandi pamoja, kisha vikachorwa nakshi kwa penseli. Katika nakshi hiyo hutobolewa matundu madogo, mengi sana, na kila tundu huzungushiwa uzi ukingoni mwake mpaka likawa imara kama pete. Hayo ndiyo viua. Kofia moja huweza kuchukua majuma mengi ya kazi. Nyeupe hushonwa juu ya nyeupe, au rangi ya maziwa juu ya nyeupe, na uzuri wote umo katika tofauti ndogo ambayo jicho lililochoka haliioni tena.

Na jicho la bibi lilikuwa limechoka. Kwanza alilaumu taa. Kisha alilaumu sindano, akisema kuwa za siku hizi matundu yake ni membamba kuliko ya zamani. (Waingereza huliita tundu hilo jicho la sindano, Waswahili tuliridhika na tundu, nasi tumeliacha jicho kwa wenye kuona.) Halafu mjukuu akawa ndiye wa kutunga uzi, nyuzi kumi kwa mara moja, zichomekwe katika mto mdogo kabla hajaenda shule. Mwishowe daktari alimulika mboni zake, akamwambia ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa.

Jina hili la ugonjwa lastahili kutazamwa na sisi wenye kufundisha lugha. Mtoto katika Kiswahili si mzao tu. Mtoto wa meza ni saraka yake, kitu kidogo kilichomo ndani ya kikubwa. Kadhalika mtoto wa jicho ni kitu kidogo kilichoonekana kukaa ndani ya jicho. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati waliona namna nyingine, wakaufananisha ugonjwa huo na maji yaporomokayo. Na waganga wa Kiarabu nao waliyataja maji yashukayo jichoni. Ukweli ni kwamba hakuna maji wala mgeni. Nyuma ya mboni kuna lenzi iliyo angavu, nayo kwa kupita miaka hupata ukungu, ikawa manjano, kisha kahawia. Si utando uliowekwa juu ya jicho, kama wengi wanavyodhani, wala hauondoki kwa matone ya dawa. Ni lenzi yenyewe iliyochakaa. Ugonjwa huu ndio unaoongoza duniani kwa kuwapofusha watu, nao ni katika upofu unaotibika.

Basi bibi aliogopa nini? Watu wa nyumbani walidhani anaogopa maumivu, wakamweleza habari za ganzi. Wakadhani anaogopa kufa, wakamwambia kwamba huko hakuna kulazwa usingizi, jicho hupasuliwa mtu akiwa macho, na kazi aghalabu haifiki hata nusu saa. Maneno haya yote ni ya kweli, na yote yalimpita kando. Siku moja alituambia, "Mwalimu, mimi kufa nimeshakuzoea kukufikiri. Lakini wakiniharibia, nitakaa mkekani na mikono hii nifanye nini?"

Twaomba msomaji asiharakishe kutabasamu. Wako watakaosema kwamba kushona kwake ni kupitisha wakati tu, na mtu mzima hawezi kuweka kipitishawakati sawa na macho yake. Sisi twaona mambo kinyume. Mtu huogopea kile kinachompa umbo siku yake. Mwanafunzi wa Aristotle angetuambia kwamba ushujaa si kukosa hofu. Ni kuogopa yanayopasa, kwa kiasi kinachopasa, na kwa sababu inayopasa. Kwa kipimo hicho bibi wa Jabe hakuwa mwoga. Aliijua thamani ya kitu chake, na hofu yake ilikuwa sehemu ya ujuzi huo. Asiyeshona hawezi kuogopa vile, kwa kuwa hana cha kupoteza hapo.

Tena hofu ya namna hii haikuwa ya kijinga katika historia. Kwa miaka elfu mbili na zaidi mtoto wa jicho alitibiwa kwa sindano. Tabibu alichoma jicho, akaisukuma ile lenzi yenye ukungu mpaka ikaanguka chini ndani ya jicho, na nuru ikapita. Waganga wa Bara Hindi waliandika habari zake zamani sana, katika mafunzo yanayonasibishwa na Sushruta. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri katika zama za khalifa al-Hakim, mnamo mwaka 1000 hivi, alitumia sindano yenye uwazi ndani, apate kumfyonza mtoto aliye laini. Wengine waliona, wengi waliharibikiwa. Mwaka 1750, huko Leipzig, mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach alipasuliwa macho kwa njia hiyo mara mbili na tabibu msafiri, John Taylor. Hakuona tena, na Julai ya mwaka huo huo akafa. Miaka mitatu tu kabla yake, mwaka 1747, Mfaransa Jacques Daviel alikuwa ameanza kuitoa ile lenzi nje badala ya kuisukuma ndani. Habari njema husafiri polepole kuliko matabibu wabaya.

Kisa cha Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, kinakaribiana na cha bibi wetu kwa namna ya ajabu. Mwaka 1912 aliambiwa ana mtoto wa jicho. Akakataa kupasuliwa, si mwaka mmoja bali miaka kumi, kwa kuwa alichokiogopea kilikuwa rangi. Rangi zenyewe zikamwasi. Ikambidi asome majina yake kwenye mirija ya rangi na kuzipanga kwa kukariri. Rafiki yake Clemenceau, aliyekuwa daktari kabla ya kuwa waziri mkuu, ndiye aliyembembeleza hata akakubali, na jicho la kulia likapasuliwa mwaka 1923, mzee akiwa na umri wa miaka 82. Matokeo hayakumpendeza upesi. Alilalamika kwamba kila kitu kimekuwa buluu, akavaa miwani ya rangi, akagombana na daktari wake. Lakini alirudi kwenye picha zake za mayungiyungi. Jicho la kushoto hakukubali kamwe liguswe.

Hapa yafaa tugeukie maneno tuliyo nayo, kwa sababu lugha yetu inajua kutenganisha mambo ambayo sisi wenyewe twayachanganya. Darasani hufundishwa kwamba hofu, woga na wasiwasi ni visawe. Si visawe. Woga ni tabia. Mtu huweza kuwa mwoga bila ya kuwapo kitu cha kuogopa. Hofu huelekea kitu: huogopwa simba, njaa, kisu. Ama wasiwasi asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mnong'ono unaotiwa moyoni mwa mtu, na Waislamu wote wanaujua kwa sura ya mwisho ya Kurani. Hofu husema jambo na kunyamaza. Wasiwasi hausemi jambo lolote mpaka mwisho wake. Huanza sentensi usiku wa manane, "Na je, ikiwa...", kisha huiacha hewani na kuanza nyingine.

Kwa maoni yetu maadili ya jambo hili yamo katika tofauti hiyo. Hofu si kosa, wala si ugonjwa wa kuondolewa kabla ya ugonjwa wenyewe. Wasiwasi ndio unaomwibia mtu usingizi na akili, nao haujibiki, maana haukuuliza kitu. Wajibu wa mwenye hofu basi ni kuulazimisha mnong'ono ule ukamilishe sentensi yake, uweke alama ya kuuliza mwishoni, upelekwe kwa anayeweza kujibu. Mwanafalsafa Epictetus, aliyekuwa mtumwa na kilema, alifundisha kwamba kinachotusumbua si mambo bali fikira zetu juu ya mambo. Twamheshimu, lakini hapa alizidisha. Kisu ni jambo, wala si fikira. Iko nafasi ya kudhurika, ndogo sana siku hizi, bali haijawa sifuri; jicho huweza kuingia vijidudu, na mtu mwaminifu hawezi kumwambia mgonjwa kwamba hakuna la kuogopa. Imamu Ghazali alikaribia zaidi hali ya mwanadamu alipoziweka hofu na tumaini pamoja, kila moja ikimzuia mwenzake asimharibu mtu: hofu isiyo na tumaini hukatisha tamaa, na tumaini lisilo na hofu hulewesha.

Tulipomwomba bibi atuambie wasiwasi wake unanong'ona nini hasa, alicheka kwanza. Kisha ukatoka mmoja mmoja. Tuliuandika katika daftari la shule, kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine karibu, ukawa maswali.

Je, nitamwona daktari akiniletea kisu usoni? Jibu alilopewa ni kwamba hapana. Jicho lenye ganzi huona mwanga wa taa, na pengine vivuli na rangi zikitembea, lakini si kisu.

Je, nikikohoa? Aseme kwanza, ainue sauti na si kichwa, wangoje. Swali hili lilitufundisha sisi zaidi kuliko yeye. Kulala kimya nusu saa chini ya kitambaa ni kazi nzito kwa watu wengi; kwake yeye, aliyezoea kuuzuia mkono usitikisike mpaka kiua kifungwe, ilikuwa kazi anayoijua.

Je, wataushona kwa uzi gani? Hili aliliuliza kwa hamu ya mwenye ufundi, na jibu likamshangaza: mara nyingi hawashoni kabisa. Katika namna ya upasuaji inayotumika sana Afrika, daktari hukata njia ndogo ya mshazari, yenye upana wa milimita sita au saba hivi, ipite kati ya tabaka za ngozi nyeupe ya jicho kabla ya kuingia ndani. Akishamaliza, msukumo wa ndani ya jicho huzibana tabaka hizo zikafunga zenyewe. Bibi aliposikia hivyo alichukua kipande cha kitambaa, akakikunja mara mbili kama pindo, akapitisha kidole katikati, akakitoa, akabonyeza. "Kumbe ni pindo," akasema. Twaamini kwamba dakika ile ilifanya kazi kuliko "usiogope" zote alizokuwa amepewa. Hakuambiwa asiogope, alionyeshwa kwamba mkono utakaomgusa ni mkono wa fundi, nao unafuata kanuni asizokuwa mgeni nazo.

Swali la mwisho ndilo lililokuwa zito, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumwambia habari zake. Je, nitauona uzi? Lenzi iliyochakaa ikitolewa, huwekwa nyingine ya plastiki mahali pake. Jambo hili twadaiwa kumshukuru Harold Ridley wa London. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitambua kuwa vipande vya plastiki vilivyoruka kutoka madirisha ya ndege na kuingia machoni mwa marubani havikuyachukiza macho hayo; na husimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja, akitazama upasuaji, alimwuliza kwa nini harudishi lenzi pale alipoitoa. (Walimu wenzetu, tusiwafokee wanaouliza ovyo.) Novemba 29, 1949, Ridley akaiweka lenzi ya kwanza. Kwa muda mrefu vitu hivi vilikuwa vya matajiri, hata vilipoanza kutengenezwa katika nchi zetu kwa bei nafuu, kama ilivyokuwa katika kiwanda kilichofunguliwa Asmara mwaka 1994.

Lakini lenzi ya plastiki haijikunjui kama ile tuliyozaliwa nayo. Ikiwa ya kawaida, huona vema umbali mmoja tu, na desturi ya madaktari ni kuchagua umbali wa mbali: mtu amwone anayekuja njiani, avuke barabara salama. Kwa karibu atahitaji miwani. Kwa mkulima au dereva ni uamuzi mwema. Kwa mshonaji ni jambo la kuulizwa kabla, kwa kuwa daktari akijua kwamba maisha ya mgonjwa wake yako kwenye umbali wa mkono mmoja, huweza kushauriana naye ama kuchagua lenzi ya karibu, ikiwa ipo, ama walau kumtayarisha kwa miwani, asije akatunga uzi siku ya kumi, akashindwa, akadhani ameharibiwa. Mtu akikaa kimya kwa adabu hupewa chaguo la wengi. Hofu ya bibi, ilipopata sauti, ilikuwa imeshika jambo la kweli ambalo utulivu wa jamaa zake haukuliona.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo hatuipuuzi. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Maana yake aliyejizuia na hatari hurudi nyumbani mzima, watu wakacheka pamoja naye. Jirani mmoja alimnukulia bibi methali hiyo: bado waona kidogo, ridhika na kidogo. Methali ni ya haki palipo na hatari ya kuepukika kwa kukaa nyumbani. Mtoto wa jicho hana hatari ya namna hiyo. Akiachwa huendelea kukomaa, lenzi ikawa ngumu na kazi ya kuitoa ikazidi ugumu. Pengine huvimba na kupandisha presha ya jicho, na uoni uliopotea kwa presha haurudi. Kwa hiyo kungoja kwenyewe ni kutenda. Clemenceau alilijua hilo. Pengine ndiyo maana hakuchoka kumsumbua rafiki yake.

Na kungoja huko mara nyingi si kwa mgonjwa peke yake. Watafiti wa kituo cha afya ya macho kilichoanzishwa Moshi mwaka 2001 wamechunguza kwa miaka mingi kwa nini watu hawaendi kupasuliwa hata huduma ikiwapo, na imedhihirika kwamba wanawake hupasuliwa kwa uchache kuliko wanaume, ingawa wao ndio wenye kuugua zaidi. Fedha imo, safari imo, hofu imo. Limo pia neno la mkubwa wa nyumba asemaye mama amezeeka, ataona nini tena? Tumelisikia neno hilo hapa Jabe. Twalichukia kuliko woga wa aina yoyote, kwa sababu msemaji wake huvaa upole. Yeye haogopi chochote, maana jicho si lake. Anayesema "usiogope" na anayesema "amezeeka" wanakaribiana kuliko wanavyodhani: wote wawili hawakuuliza mwanamke huyu hutumia macho yake kwa kazi gani.

Usiku wa kuamkia upasuaji bibi hakulala sana. Alisali, akapanga nyuzi zake kwa kupapasa, nene kwa nyembamba, akamwekea mwanawe fedha za teksi katika kifundo cha leso. Hakuna aliyemwambia atulie. Mwanawe alikaa naye ukumbini, wakazungumza habari za bei ya mchele.

Jicho la kulia lilipasuliwa. Baada ya majuma kadhaa ya matone ya dawa na kukatazwa kuinama wala kubeba ndoo, akapata miwani ya karibu na kutunga uzi mwenyewe. Kisha akaileta nje kofia aliyokuwa ameishona katika miaka yake miwili ya ukungu, akaitazama juani, akaona kwamba safu tatu nzima amezishona kwa uzi wa rangi ya maziwa akidhani ni mweupe. Binti zake wakasema hakuna atakayetambua. Akaomba wembe, akaanza kuzifumua. Jicho la kushoto bado linangoja zamu yake, na anasema hofu yake ni ile ile. Daftari amelirudisha kwetu, na ukurasa mpya una maswali mawili.